Mkono Nilioushika Penye Mapembea

Mimi ni mtu wa shaka, sikatai. Mume wangu, Mungu amrehemu, akiniletea samaki nilikuwa nikimfunua mashavu hapo hapo mbele yake nitazame kama bado ni mekundu, na huku yeye mwenyewe kamnunua pwani anarukaruka. Wajukuu zangu wananicheka kwamba nikipewa chai lazima kwanza niinuse. Wacheke. Nimeishi miaka ambayo asiyekuwa na shaka alionekana mjinga. Lakini kuna sikukuu moja ambayo nikiikumbuka siwezi kucheka pamoja nao, na ndiyo hiyo ninayotaka kuieleza.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Tulikuwa tunakaa Bwejuu, ambako mume wangu alikuwa mwalimu wa skuli. Mimi ni mtu wa mjini, nimezaliwa Mji Mkongwe, ndoa ndiyo iliyonipeleka shamba. Tulikuwa na watoto wawili, wa kiume wa miaka saba na wa kike wa miaka mitano. Hatukuwahi kuwapeleka popote kwa ajili ya starehe tu. Safari zetu za mjini zilikuwa za hospitali, au za maziko, au za kwenda kumsaidia dada yangu mkubwa akijifungua.

Ramadhani ilipofika kumi la mwisho, siku moja tunafuturu, mume wangu akasema, "Sikukuu hii twende mjini, siku zote nne. Tufikie kwa dada yako, watoto wakapande mapembea Mnazi Mmoja."

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Wapande mapembea."

"Mapembea yalikuwapo mwaka jana, na watoto walikuwapo mwaka jana. Kwa nini mwaka huu?"

Akacheka, akaendelea na muhogo wake. Jibu la mtu anayecheka mimi silipokei. Kwanza nikafikiri ana mwanamke huko mjini. Halafu nikafikiri jambo jengine, ambalo halikuwa la mchezo. Wakati ule walikuwapo watu waliotoka majumbani mwao na watoto wao kama wanaokwenda kutembea, wasirudi tena, na baada ya siku mbili tatu ikanong'onwa kwamba wameshavuka bahari. Kwa hiyo mtu akionekana anatoka na familia nzima na mabegi, walikuwapo wa kumtazama. Siku ya pili mume wangu alipokuwa skuli nikaufungua mkoba wake. Nikakuta kanzu, kitana, na chini kabisa, ndani ya soksi, firimbi mbili za bati, moja nyekundu, moja kijani. Alikuwa amewafichia watoto. Nikazirudisha kama zilivyokuwa. Sikuona haya. Niliona tu kwamba ushahidi haukupatikana.

Kisha ikaja shughuli ya nguo. Zamani sikukuu nne ni nguo nne, kila siku mtoto anatoka na mpya. Miaka ile vitu vilikuwa adimu, na aliyepata nguo moja alishukuru. Kwenye duka la kijiji likaletwa jora moja la kitambaa, rangi ya buluu, limejaa maua ya njano makubwa kama visahani. Nikamuuliza mwenye duka kama hakuna jengine. Akaapa kwamba hakuna. Nikainama nichungulie chini ya meza yake, akaniachia nichungulie mpaka nikatosheka. Nikapimiwa kitambaa cha shati na cha gauni, nikashona mwenyewe kwa cherehani ya mkono.

Kuwavisha watoto kitambaa kimoja haikuwa umaskini tu. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya sote tuliokuwa na watoto wadogo. Uwanjani sikukuu watu ni wengi, na mtoto akikupotea unamshika mwenzake unamwonyesha huyu na yule: nguo kama hii, mmemwona? Mama yangu alitupata hivyo mimi na ndugu zangu kila mwaka. Nikaona mwaka ule nimejiweka salama.

Tulifika mjini siku moja kabla ya sikukuu. Dada yangu alitupokea kwa furaha, halafu akafunga dirisha ndipo akaanza kuzungumza. Nyumba ya jirani yake ilikuwa imefungwa kufuli. Nilipouliza wenyewe wako wapi, akaongeza sauti ya redio kwanza.

"Wamekwenda zao," akasema. "Jioni tumepelekeana sahani ya futari, asubuhi kufuli. Nkaulizwa mimi. Wamesema nini, wamebeba nini, nani kaja. Nkasema sijui kitu, na kweli sijui kitu. Sasa nyinyi mshafika, mimi nnakwenda kwa mjumbe wa mtaa kumwambia nna wageni, wageni ni ndugu yangu na mumewe na watoto, siku nne, basi. Na huko nje usizungumze na usiowajua. Mtu anakuuliza habari za watoto wako, wewe mwambie alhamdulillahi, ukomee hapo."

Mume wangu alikuwa kwenye kiti anawafunga watoto kamba za viatu vipya, wajaribu. "Tumekuja kupanda mapembea, shemeji," akasema.

"Na mapembea nayo," dada akasema. "Watu wanasema mumiani wapo tena. Mtoto anavutwa kwa peremende, anakwenda kutolewa damu."

Nilikuwa nikisikia habari za mumiani tangu utotoni na sikuwahi kukutana na mtu aliyemwona hata mmoja. Nikaamini papo hapo.

Asubuhi ya sikukuu mosi, baada ya sala, tukatoka. Nikafungua mlango, nikasimama pale kizingitini, macho yamenitoka. Kichochoro kizima kilikuwa buluu na njano. Watoto wa nyumba ya mbele, maua makubwa kama visahani. Watoto wa pembeni, hivyo hivyo. Akapita bwana na mabinti wanne, wote wanne, na kofia ya kitoto mkononi mwake imeshonwa kwa vipande vilivyobaki. Jora lile halikuwa la Bwejuu peke yake. Lilikuwa la kisiwa kizima.

Dada yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mume wangu naye akacheka. Mimi nikasema wamefanya makusudi.

"Nani?" mume wangu akauliza.

"Walioleta."

"Wameleta ili wewe usimwone mwanao?"

Nikamshika binti yangu mkono, na kwa siku zile zote nikaapa mkono ule siuachii. Kijana wetu nikamwachia baba yake.

Uwanja wenyewe, nikiri, ulikuwa mzuri. Palikuwa na mapembea marefu ya mbao ya kukaa watu wanne wanne, na farasi wa mbao wanaozunguka, wakisukumwa na wanaume wawili waliovua mashati, wanakimbia duara, halafu wanarukia juu nao wapate kupumzika. Kulikuwa na mishkaki, ubuyu, juisi ya mabungo, kofia za karatasi, na kelele za firimbi ambazo mume wangu ndiye aliyezitoa mfukoni kwa kiburi kama aliyezitengeneza yeye. Mwanangu wa kike alipanda farasi mweupe akashuka, akataka tena huyo huyo mweupe. Kila farasi alipozunguka nyuma na kunificha mtoto nilikuwa nikishika roho yangu mpaka atokeze tena.

Hapo ndipo nilipomwona yule mama. Alikuwa amekaa ukingoni mwa uwanja juu ya kanga aliyoikunja, buibui limefunika mpaka kwenye nyusi, uso wa mtu wa umri wa mama yangu. Alikuwa akimtazama mwanangu. Hakutazama farasi wala watu, alikuwa akimtazama yeye tu. Farasi akizunguka, na kichwa chake kinazunguka. Nikamtolea macho ayaone. Hakugeuka. Nikahama upande wa pili, na nilipochungulia baadaye nikaona naye kahama, kakaa mbele zaidi, na bado anatazama.

Nilipomwambia mume wangu, akasema, "Sikukuu, mke wangu. Watu wanatazama watoto."

Sikukuu pili tulirudi. Nguo nilikuwa nimezifua jioni na kuzipiga pasi, na naona wanawake wote wa Unguja walifanya kazi hiyo hiyo jioni ile, kwa sababu uwanja ulikuwa buluu vile vile. Yule mama alikuwapo. Safari hii nikaona ana mtoto wake pia, kasichana ka umri wa mwanangu na nguo ile ile, kanacheza karibu yake. Ingenitosha kunituliza. Haikunituliza. Nikajiambia kwamba mwenye nia mbaya ndiye anayekuja na mtoto, ili asitiliwe shaka.

Nilipogeuka kununua juisi, binti yangu akanivuta buibui. Shavu lake lilikuwa limevimba upande mmoja.

"Una nini mdomoni?"

Akafungua mdomo. Peremende. Nikamwuliza nani kampa, akanyoosha kidole. Yule mama alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, ana karatasi ya peremende mkononi. "Mwanangu," akaniambia, "nlidhani ni wa kwangu, nshampa ndo naona..."

Sikumwacha amalize. Nilitia kidole mdomoni mwa mtoto wangu nikaitoa ile peremende, nikaitupa mchangani mbele yake, nikaikanyaga. Kisha nikanawisha mdomo wa mtoto kwa juisi niliyokuwa nimenunua, mtoto analia, watu wanatazama. Yule mama alirudi kwenye kanga yake akakaa. Kutwa nzima ile yeye alinitazama na mimi nikamtazama. Niliona fahari kidogo, nitasema kweli. Niliona nimemshinda.

Sikukuu tatu ndiyo iliyotuharibikia. Alasiri ile watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Mume wangu alikuwa na kijana wetu kwenye foleni ya pembea kubwa, ng'ambo ya uwanja. Mimi nilikuwa karibu na farasi, mkono wa binti yangu umo ndani ya mkono wangu, na macho yangu yako kwa yule mama, ambaye alikuwa kama hatua kumi. Mara ikaingia bendi ya tarumbeta, na nyuma yake kundi la watu wanacheza. Watu wakasukumana kuwapisha. Nikakanyagwa buibui, likanivuka mpaka mabegani. Nikauachia mkono wa mtoto nijifunike, kiasi cha kusema bismillahi, nikaushika tena hapo hapo ulipokuwa.

Nilipoinua macho, yule mama hayupo. Kanga yake haipo. Mtu niliyemchunga siku tatu kanipotea mara moja, na mtu mbaya asiyeonekana ni mbaya zaidi kuliko anayeonekana. Nikaanza kupasua watu kwa bega, mtoto namvuta nyuma, namtafuta mama yule. Nikatazama penye mishkaki, nikatazama chini ya miti. Nikawa nazungumza na mwanangu bila ya kumtazama, "Usimwogope, mama nipo, ukimwona niambie." Hakunijibu. Nikasema, "Umekuwa bubu leo?" Hakunijibu tena. Mkono wake ulikuwa unanata, nami sikukumbuka kumnunulia kitu cha kunata.

Nikatazama chini.

Mtoto aliyenitazama kutoka chini hakuwa wangu. Alikuwa na vipuli vya dhahabu na kidoti juu ya mdomo, na alikuwa akinyonya peremende. Hakulia. Alikuwa akinitazama kwa subira, kama mtu aliyekaa kitambo akingoja nigundue.

Mtu mwengine angefikiri: nimekosea mkono. Mimi, Mungu anisamehe, neno la kwanza lililonijia ni kwamba nimebadilishiwa mtoto. Na hapo hapo nikamwona yule mama karibu na njia ya kutokea, anakwenda polepole, na mkononi mwake msichana mwenye maua ya njano ambaye mwendo wake ningeujua hata gizani.

Nikapiga kelele. Nilisema mwizi. Nilisema mwizi wa watoto. Nilisema mumiani, mara tatu. Sauti yangu tangu udogoni ni kubwa, na siku ile tarumbeta zenyewe zilinyamaza. Watu wakamzunguka yule mama kabla mimi sijamfikia, na pamoja nao wakafika vijana wawili kati ya wale waliowekwa kulinda uwanja, wana mikanda mipana na fimbo.

Yule mama alisimama hajui linalosemwa ni lake. Nikamwambia kijana mwenye fimbo, nikihema, "Huyo mtoto wangu. Siku tatu anamtazama. Jana kampa kitu cha kula. Leo kamchukua!"

Yule mama akainama, akausogeza uso wake mpaka ukawa karibu kugusana na uso wa mwanangu, vile anavyofanya mtu anayetia uzi kwenye sindano. Akashtuka. "Si wangu huyu!" akasema. "Yarabi, wangu yuwapi?"

"Bibi!" akaita yule msichana niliyekuwa nimemshika mimi. Ndipo nilipokumbuka kwamba bado nimemshika. Siku zote tatu nilijilinda na mwizi wa watoto, na uwanja mzima ukaniona mimi ndiye niliyesimama na mtoto wa mtu mkononi. Akajichopoa akamkimbilia bibi yake. Mwanangu naye akaja kwangu, hana wasiwasi, akaniuliza kama tunakwenda kwa farasi.

Watu wakaanza kucheka. Bwana mmoja akasema, "Jora hilo litatumaliza mwaka huu!" Na wengine wakasema kwamba wao pia asubuhi walikamata watoto wa watu. Ingeishia hapo. Nilitaka iishie hapo, na cheko nimeshaliandaa. Lakini kijana mwenye fimbo alikuwa ameitwa kwa kelele, mbele ya watu, na hakupenda kuondoka mikono mitupu.

"Wewe mama," akamwambia, "kwa nini ulikuwa ukimtazama mtoto wake siku tatu?"

"Macho yangu, baba. Hayaoni vizuri. Watoto wote nguo moja, nnatazama nijue yupi wangu. Huyu mwanangu hapa ndiye aliyekuwa akinitazama mimi," akasema, na akaelekeza uso wake upande wangu. "Nkadhani katumwa."

Neno hilo la mwisho lingekuwa heri asingelisema. Kijana akaacha kutabasamu.

"Atumwe na nani? Una nini wewe cha kutumiwa mtu?"

Yule mama akalitafuta bega la mjukuu wake kwa mkono.

"Mtoto huyo wa nani?"

"Mjukuu wangu."

"Mama yake yuwapi?"

"Kasafiri."

"Kasafiri kenda wapi?"

Yule mama alimvuta mjukuu wake akamweka kifuani, akamfunika na buibui. Watu waliokuwa wakicheka walikuwa wameshaanza kupungua, mmoja mmoja, kila mtu kakumbuka farasi wake au mishkaki yake. Sote tulielewa. Mama wa mtoto alikuwa ameondoka na hakurudi, na bibi alikuwa amebaki na mtoto ambaye kila anayemwona angeuliza suala lile lile. Kwa ajili hiyo alikaa ukingoni. Alihama nilipohama akidhani anamfuata mjukuu wake, na alinitazama kwa kuogopa kutazamwa. Nilimvuta kutoka mahali alipojificha nikamweka katikati ya uwanja.

"Nani anakujua hapa?" kijana akauliza. "Yupo mtu anakujua?"

Akageuza uso wake kwangu. Sijui kama aliniona au aliona buibui tu, lakini alijua nilipo, na kijana akafuata alikokuwa akitazama.

"Wewe mama mdogo. Unamjua huyu?"

Ningeweza kusema ninamjua. Neno lenyewe ni dogo. Ningesema ni mama yangu mdogo, tumegombana kwa ajili ya watoto, samahani kaka, tumekusumbua bure, na sikukuu ile kijana yule angefurahi kupata njia ya kuondoka. Nilifikiri yote hayo, sikuwa mjinga. Na nilifikiri pia kufuli ya jirani ya dada, na mjumbe wa mtaa aliyeambiwa siku nne basi, na mume wangu anayekula mshahara wa serikali. Nikisema ninamjua, nitaulizwa na mimi mama wa mtoto yuko wapi.

"Simjui," nikasema.

Na ilikuwa kweli. Walimchukua kumpeleka kwenye kibanda cha mbao karibu na njia ya kutokea, mmoja mbele, mmoja nyuma, naye katikati na mjukuu wake, wanakwenda mwendo wa mtoto.

Mume wangu alifika na kijana wetu mabegani mwake. Alikuwa ameona mwisho wake tu. Nikamweleza, na nilimweleza vizuri, kwa sababu nilitaka aniambie nimefanya sawa.

"Ungesema unamjua," akasema.

"Simjui."

"Mmekaa pamoja siku tatu."

"Na kama wangeniuliza zaidi? Wangekuja kwako skuli?"

"Wangekuja," akasema. "Ungesema tu." Hakuwahi kunipandishia sauti maisha yake yote, na hakupandisha siku hiyo. Akamchukua binti yetu kwangu akamweka bega la pili, tukarudi nyumbani.

Jioni nilipokuwa namwogesha, mtoto akaniuliza, "Mama, ulisafiri?"

"Lini?"

"Leo. Yule bibi kasema twende nyumbani, mama atarudi. Kasema mama hajatusahau, atarudi sikukuu ijayo." Akanitazama kupitia maji. "Mbona umerudi leo leo?"

Nilimmwagia kata nyengine ya maji kichwani, afunge macho, asinione. Nililia palepale penye ndoo, kwanza kwa hofu ya yale ambayo yangeweza kumpata yeye, halafu kwa haya. Haya nilizokuwa sizijui, zilinijia zote siku moja.

Sikukuu nne dada yangu alinishauri nisende tena uwanjani. Nikenda. Nilimwachia mume wangu watoto wote wawili, na mkononi nilikuwa na sahani ya visheti niliyoifunika kwa kitambaa. Sikukuu ni wakati wa kuombana radhi, na nilikwishapanga maneno yangu. Nitamwita mama. Nitamwambia nimekosa. Nitamwambia kwamba ikiwa anataka, aje kukaa na mimi hapa penye farasi, na mwengine yeyote akiuliza nitasema ninamjua.

Sikutarajia kumkuta, lakini alikuwapo. Walimuuliza nini kwenye kibanda kile, na alikaa humo mpaka saa ngapi, sijui hata leo. Alikuwa amekaa mahali pengine, mbali zaidi na watu, nyuma ya wauza ubuyu, na mjukuu wake yumo mapajani mwake. Mtoto alikuwa akiwatazama farasi kutoka kule. Hakuwa akiomba kupanda.

Nikasogea. Macho yake yalinipita kama yanavyompita mtu yeyote. Nikatoa salamu, "Assalamu alaikum," na sauti yangu aliijua, kwa sababu jana aliisikia vizuri.

Aliinuka. Aliinuka haraka kuliko umri wake, akitegemea mkono mmoja chini, akamsukuma mtoto nyuma ya buibui lake. Kisha mama yule, ambaye nywele zilizotokeza kwenye kipaji chake zilikuwa nyeupe, akainamisha kichwa mbele yangu kama mtoto wa skuli anayepita mbele ya mwalimu.

"Shikamoo," akaniambia.

Maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwa tayari, na sahani ilikuwa mkononi. Nilifungua mdomo nimwombe radhi, na kilichotoka ni kile ambacho mdomo umezoea kujibu.

"Marahaba," nikasema.

Akamshika mtoto mkono wakaenda zao. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.